Msaidizi Niliyemfunga Mdomo

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika neno ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: sina wito.

Haya, nimeliandika. Jumuiya yetu nzima hapa Msamala inajua kwamba tarehe 17 Januari naenda utawani kuanza uaspiranti, hatua ya kwanza ya usista, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hakuna sauti iliyoniita. Nimesikiliza. Nimesikiliza misa ya kwanza na ya pili, nimesikiliza kitandani, nimesikiliza hata chooni, Mungu anisamehe. Hakuna kitu.

Na wala sikusema uongo, ndilo linaloniwasha. Mwezi wa nane Sista Oliva alikuja kusali na jumuiya hapa kwetu. Baba, ambaye ndiye mwenyekiti, akasimama akasema, "Binti yangu Lukresia ameisikia sauti ya Bwana." Sista akanigeukia. "Ni kweli, mwanangu?" Nikatazama mkeka. Kulikuwa na uzi wa ukindu umechomoka, nikautazama huo. Mama mmoja akasema, "Anaona haya, huyo ameshakubali!" Vigelegele vikapigwa, soda zikafunguliwa. Ndivyo nilivyosema ndiyo.

Mtihani wa kidato cha nne tumemaliza jana. Sina pa kwenda wala cha kusoma. Nimefagia uwanja mara mbili.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Baba ameenda shambani Mpitimbi kupanda. Mbegu amezipata, mbolea bado.

Kaka Pankrasi ametuma kifurushi kwa basi kutoka Mbeya. Diski, ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Akapiga simu: "Luki, mashine yangu imeungua. Utapima wewe."

Niieleze hapa, maana siku nikifa mama akisoma ataona ni uchawi. Kaka alipoondoka aliacha stoo kompyuta yake kubwa yenye simyuleta, yaani programu ya kurusha ndege nyumbani. Ndege zinazokuja nayo ni za kawaida. Ukitaka ndege ya abiria yenye kila swichi, unaongeza ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo nyongeza. Kaka ana ukurasa ambako anapima nyongeza mpya na kuwaambia watu kama inafaa. Sasa imetoka hii, ya propela mbili, abiria sabini, ndege ya aina inayotua kwenye viwanja vidogo kama chetu. Anataka tathmini kabla ya tarehe 10 Januari.

"Andika ukweli," akasema. "Usinisifie kazi ya watu wasionijua."

Baba anaiita sinema ya Pankrasi.

Jumatano, 4 Desemba

Nyongeza imechukua saa tano kujiweka. Kitabu chake kina kurasa mia tatu na arobaini, Kiingereza kitupu. Nimesoma sitini.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeruka! Hapana, sijaruka. Nimekaa chini dakika hamsini.

Chumba cha rubani kizuri mpaka kinatisha. Rangi imechubuka pale mikono inapogusa sana. Ukiwasha betri feni zinaanza kuvuma moja baada ya nyingine, kila moja na sauti yake. Injini ya kulia inaweza kuwaka propela yake ikiwa imefungwa breki, ili kutoa umeme mkiwa mnangoja abiria. Nilidhani wamekosea. Nikarudi kwenye kitabu, ni kweli ndivyo ilivyo.

Kuna na rubani msaidizi. Anaonekana pale kulia, kijana, anasoma orodha ya ukaguzi na wewe unajibu kwa kubofya. Anaongea Kiingereza cha upole. Lakini ana mdomo! Kabla sijaondoka hata hatua moja alinisahihisha mara sita. "Breki ya propela, Kapteni." "Kapteni, umeruka kipengele." Mara ya sita mama akawa amesimama mlangoni na bakuli la karanga. "Nani huyo anakugombeza?" Nikaona aibu, mbele ya kitu kisicho na mwili. Nikaingia kwenye mipangilio, nikahangaika hangaika humo, mpaka akatulia. Baada ya hapo akawa anasoma tu orodha na kusema ndiyo, Kapteni.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya misa watu wananiita Sista. Majaliwa wa dukani: "Sista, karibu, leo sukari imefika." Nikacheka kwa meno tu.

Jumatano, 11 Desemba

Shambani. Malengelenge mawili. Baba alikuwa anapanda mstari wa pembeni yangu, akaniambia tena habari ya nadhiri. Nina miezi minane, nina degedege, hospitali wamekata tamaa, yeye amepiga magoti kwenye kanisa dogo la hospitali: Bwana, akipona ni wako. "Na ukapona asubuhi hiyohiyo, ukataka uji." Huwa anasimulia kwa furaha, kama mtu anayesimulia alivyovuka mto. Nilikuwa nafukia mbegu. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Ndiyo, baba. Ndiyo, Kapteni.

Ijumaa, 13 Desemba

Umeme umekatika kwa radi. Hakuna kitu.

Jumamosi, 14 Desemba

Hakuna kitu. Nimezunguka nyumba. Nimehesabu bati zilizoota kutu. Kumi na moja.

Jumatatu, 16 Desemba

Umeme umerudi. Nimeruka Dar hadi Songea mara tatu leo, na sikumaliza hata moja vizuri. Siwezi kukaa. Nikifika juu ya mawingu natamani kutua, nikitua natamani kuondoka.

Kwa ajili ya tathmini: kwenye kompyuta ya zamani kama hii picha zinakwamakwama ukiwa karibu na ardhi, punguza vivuli. Matone ya mvua kwenye kioo yanakimbia yakipanda juu hata ndege ikiwa imesimama, hilo ni kosa. Sauti ya magurudumu yanapotoka, safi kabisa. Uwanja wetu uko juu futi elfu tatu na mia nne na kitu, na ndege inajua: siku ya joto injini zinavuta kwa shida, inachukua njia ndefu kuinuka. Wamefanya hesabu zao.

Shakila, niliyekaa naye dawati moja bwenini, ametuma sauti kutoka kwao Nakapanya. Nimeisikiliza mara nne. "We Luki, assalamu alaykum hata kama hujibu! Nasikia unaenda kuolewa na kanisa. Kwetu dada Halima aliulizwa, akanyamaza, wakasema karidhia, ndoa ikafungwa. Lakini dada alikuwa anamtaka yule mwanaume, alikuwa anajifinya asicheke! Wewe unamtaka nani kwa kunyamaza kwako? Nijibu, bubu wewe."

Sikujibu.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, pilipili. Pankrasi hakuja, ana kazi. Baba aliinua glasi ya soda: "Krismasi ya mwisho na Sista wetu." Mama alitazama sahani yake. Sikuwahi kujiuliza mama anataka nini. Leo nimejiuliza.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimepata kosa kubwa. Kubwa! Nafurahia kosa la watu, ndivyo nilivyo mbaya.

Niliweka hali ya hewa ya leo: wingu limelala mpaka chini, milima ya Matogoro haionekani. Nikaja kutua Songea vibaya kwa makusudi, kumpima msaidizi. Kasi kubwa, flapsi, yale mabawa madogo ya kupunguza mwendo, sijatoa, nimeshuka chini ya kimo ambacho kama hujaiona njia ya kutua ni lazima uondoke. Kitabu kinasema wazi kwamba msaidizi anatakiwa kusema "kasi", kisha "hatuko sawa", kisha "zunguka tena", yaani acha kutua, panda. Hakusema kitu. Nikarudia. Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila nikimwambia tushuke anajibu kwa sauti ileile ya upole, "Ndiyo, Kapteni." Mashine ya kuonya kwamba ardhi iko karibu ikapiga kelele tumeshachelewa. Tukagonga kilima mara nne, na yeye ndiyo, Kapteni, mpaka kioo kikawa cheusi.

Nimeandika ukurasa mzima. Nimeandika: "Huyu msaidizi ni mapambo. Anaona kifo kinakuja na ananyamaza kwa adabu. Msinunue." Nilikuwa na hasira kama vile aliniua kweli. Nimempelekea kaka.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Pankrasi kimya.

Jumanne, 31 Desemba

Kaka amepiga. "Luki, hili ni zito. Nikiliweka ukurasani nawaharibia watu kazi ya miaka mitatu. Nipige picha mipangilio yako."

"Ya nini?"

"We piga tu, acha ubishi."

Nikapiga, nikatuma. Alipoiona akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Mdogo wangu! Tazama mstari wa nane. Ujasiri wa msaidizi. Kumi ndiyo kawaida. Wako uko wapi?"

Sifuri.

"Ni wewe uliyemfunga mdomo, halafu unamshtaki kwamba haongei!"

Nikakumbuka karanga za mama. Nilikuwa nimevuta kitufe kile kushoto mpaka mwisho bila hata kusoma kilichoandikwa, ili tu asiniaibishe.

"Nusura unifungishe ukurasa," akasema kaka. "Rudi upime upya. Heri ya mwaka mpya, Sista."

Hata yeye.

Alhamisi, 2 Januari

Nimeweka kumi. Nimefanya yaleyale: wingu, kasi, flapsi hakuna, chini, chini.

"Kasi," akasema. Nikaendelea.

"Kapteni, hatuko sawa. Zunguka tena." Sauti haikupanda. Nikaendelea, nataka kuona.

"Kapteni, zunguka tena." Nikaendelea.

Kisha akasema, "Ndege iko mikononi mwangu," na usukani ukaondoka kwenye mikono yangu. Nasema kweli. Nilikuwa navuta joistiki na haikunitii. Injini zikanguruma, pua ikainuka, tukapita juu ya kilima kwa futi mia mbili hivi, mbele yangu mvua tupu. Tulipofika juu akasema, upole uleule, "Nakurudishia, Kapteni. Tujaribu tena?"

Nikazima kompyuta, nikaenda kusimama uani kwenye mvua kama kichaa.

Huku kwetu nani angefanya vile? Kijana, kwa mtu mzima aliyeshika usukani? Tunafundishwa shikamoo kabla hatujajua kutembea vizuri. Mkubwa akikosea unanyamaza, akimaliza unanyamaza, ukiulizwa unatazama mkeka. Lakini yule msaidizi hakumvunjia mtu heshima. Alimwita Kapteni kila mara. Hata alipomnyang'anya usukani alimwita Kapteni.

Na siwezi kusema baba ndiye aliyenifunga mdomo. Nimejaribu kuandika hivyo hapa, nimefuta. Baba alisema neno lake, Sista akaniuliza mimi, mbele ya watu, kwa jina langu. Kitufe nilikivuta mimi.

Jumatatu, 6 Januari

Tathmini nimeimaliza. Maneno ya mwisho: "Msaidizi ndiyo sehemu bora ya nyongeza hii, lakini usimpunguze. Mwandishi alimpunguza hadi sifuri kwa sababu ya aibu, akagonga kilima mara nne. Matone ya mvua wayarekebishe. Inafaa."

Kaka amesema ataiweka kama ilivyo, na jina langu chini. Nikasema usiweke jina. Akasema, "Basi njoo uniombe ana kwa ana Mbeya."

Ijumaa, 10 Januari

Imewekwa. Watu wanabishana humo kuhusu vivuli na matone. Hakuna aliyeuliza Lukresia ni nani.

Zimebaki siku saba. Nimejaribu kumwambia baba mara tatu leo. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa anasali. Mara ya tatu hakuwa anafanya kitu chochote, na ndipo iliposhindikana kabisa.

Jumapili, 12 Januari

Sherehe ya kuniaga.

Wamekuja ndugu kutoka Mpitimbi na mchele na majogoo mawili. Turubai limefungwa uani kwa ajili ya mvua. Baba Mkubwa Gaspari amenunua sanduku jipya la bati, la buluu, na kufuli, ameliweka katikati kama maiti, kila mtu anatia kitu: shuka, sabuni, kanga, rozari tatu. Bibi mmoja akatia sufuria. "Huko watakupa kila kitu isipokuwa sufuria yako mwenyewe," akasema, watu wakacheka. Baba alilia. Sijawahi kumwona baba akilia. Alisema, "Leo nalipa nilichoahidi," na mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika shuka, nataka kusema, nikaikunja upya nikaitia sandukuni.

Sista Oliva alikuwepo. Walipokuwa wanapakua chakula aliniita jikoni, akajifanya anasuuza vikombe.

"Lukresia. Ulisema ndiyo lini?"

Nikanyamaza.

"Usininyamazie tena. Mwezi wa nane nilikuuliza, ukanyamaza. Wenzangu wakaandika ndiyo. Mimi nimekuwa nikikuombea miezi mitano, maana ukimya sijui kuusoma. Nimekosea kutokurudi kukuuliza peke yako."

Nikasema, "Sina wito, Sista." Nilisema kwa sauti ndogo mpaka maji ya bomba yakaifunika.

"Rudia."

"Sina wito."

Akafunga bomba. Nilingoja anigombeze. Akasema tu, "Unataka nini, basi?"

"Sijui. Najua hili silitaki."

"Hiyo inatosha kuanzia."

Nikamwambia habari ya nadhiri. Nikamwomba amwambie baba yeye, baba anamheshimu, atamsikia. Akakausha mikono pole pole. "Hapana, mwanangu. Nikimwambia mimi, itakuwa tena mtu mwingine amekusemea. Kuhusu nadhiri aje aongee nami, au na padri. Mtu hawezi kumwekea Mungu rehani hiari ya mwenzake, na baba yako ni mtu mwenye akili, ataelewa. Lakini kwanza asikie kinywani mwako."

Kisha akabeba vikombe akatoka, na nje nikamsikia anacheka na watu.

Jumanne, 14 Januari

Nimesema.

Niliamka na baba alfajiri twende palizi. Mama alisema nipumzike, zimebaki siku tatu, nikasema nataka kwenda. Mahindi yamenifika kiunoni. Tulilima mpaka saa nne bila neno, kila mtu mstari wake. Nilikuwa nahesabu: nikifika kwenye kichuguu nitasema. Nikafika, nikapita. Nikifika kwenye mpaka. Nikafika, nikageuka, nikapita. Jembe la baba lilikuwa linapiga sawasawa, pu, pu, pu, na mimi kila pigo nasogea karibu na tarehe 17.

Nikasimama. "Baba."

"Eeh, Sista."

"Baba, mimi sina wito."

Akapiga jembe mara mbili zaidi, kana kwamba neno lilikuwa bado njiani. Kisha akasimama, hakugeuka.

"Umesemaje?"

"Shikamoo, baba," nikasema. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Nadhani nilitaka ajue kwamba bado ni baba yangu. "Nimesema sina wito. Sikuusikia hata siku moja. Siku ile Sista aliponiuliza sikusema ndiyo. Nilitazama mkeka. Nilikosea kunyamaza, baba, naomba unisamehe kwa hilo. Lakini siendi."

Sauti yangu haikupanda. Hilo nalikumbuka.

Aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na mimi nimemwambia Mungu kila siku ahsante."

Akatazama mahindi, halafu akainama akaendelea kulima. Nami nikaendelea. Tulimaliza mistari tisa. Kurudi nyumbani alitangulia, na mvua ikatukuta njiani, hakuna aliyekimbia.

Jumatano, 15 Januari

Baba hajasema neno. Asubuhi aliondoka, amerudi jioni. Mama amenishika bega nikiwa naosha vyombo, akaongea kidogo kwa Kingoni, kama anavyofanya akiwa hataki kusikika, kwamba hata yeye alipoolewa hakuulizwa. Kisha akaenda kuchochea moto.

Nimemtumia Shakila sauti, ya kwanza tangu shule. "Nimesema hapana." Amejibu kwa kelele tupu, sekunde ishirini, kelele tu.

Alhamisi, 16 Januari

Saa tisa mchana. Mvua juu ya bati kubwa kiasi kwamba sijisikii nikipumua. Basi ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Sanduku liko sebuleni karibu na mlango wa nje, limefungwa kufuli, tikiti iko juu yake chini ya ile sufuria ya bibi, haikuenea ndani.

Nimeshatembea kutoka dirishani mpaka kitandani sijui mara ngapi.

Baba bado kimya, siku ya tatu. Sijui kuusoma ukimya wake. Nilipokuwa kimya mimi, watu waliandika walichokitaka. Nami sasa nikiwa na njaa ya kuandika ndiyo juu ya ukimya wake, nakataa. Sitamwandikia. Kama atasema niende, nitarudia tena hapana, na nitamwita baba, na kesho basi litaondoka na kiti kitupu. Nimeshaamua. Ila natamani aseme. Chochote.

Mlango wa nje umefunguliwa. Buti za mpira, zile nzito, anazigonga kizingitini kutoa tope. Amerudi mapema. Asubuhi mama alisema amekwenda kuongea na padri.

Anavuka sebule. Amesimama. Pale lilipo sanduku.

Sufuria imewekwa chini sakafuni. Nimesikia.

Sasa sanduku linaburuzwa, bati juu ya saruji, linalia. Kuelekea wapi? Barazani ni hatua mbili tu, lingeshafika. Linaendelea kuburuzwa. Limepita jikoni. Halitoki nje, linarudishwa ndani, linakuja huku, linagonga pembe ya ukuta, anahema, buti zinakuja nalo, ziko mlangoni kwangu, nafunika dafta—